Choo ni safi, lakini kichwani kuna nini?

Juma hili nilikuwa nimekusudia kuendelea na mazungumzo yetu kuhusu maji ya visima. Hayo nimeyaweka kando kwa sababu ya barua iliyonifikia kutoka kwa mama mmoja wa upande wa Busia. Nimeisoma mara tatu na kila mara nimeona kwamba majibu yake hayawezi kungoja.

Mama huyu ana kijana wa miaka 17, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu. Mwaka jana kijana alianguka uwanjani wakati wa mpira, akakakamaa, akatoa povu. Watu walisema ni jua kali. Mara ya pili alianguka jikoni, na lau si dada yake kumvuta, angeangukia moto. Tangu hapo ameanguka mara tano. Amepelekwa zahanati akapimwa damu, malaria hakuna. Mtu fulani akamwambia mama kwamba minyoo ya nguruwe huweza kuingia kichwani na kuleta kifafa, basi kijana akapimwa choo, tena si mara moja bali mara tatu. Karatasi zote tatu zimeandikwa kwamba hakuna mayai yaliyoonekana.

Mama alifurahi. Lakini kijana bado anaanguka, na sasa jamaa za mume wanasema haya ni mambo ya watu, kijana atolewe shule apelekwe kwa mganga aliye ng'ambo ya mpaka. Mama anauliza: "Kama choo ni safi, si kichwa nacho ni safi? Tena sisi ni Wasabato, nguruwe hatuli wala hatufugi. Minyoo hiyo ingetoka wapi?"

Mama yangu, nitakujibu moja kwa moja kabla sijaeleza. La hasha! Choo kisicho na mayai hakisemi lolote kuhusu kichwa. Na kutokula nguruwe, ingawa kunamkinga mtu na jambo moja, hakumkingi na lile unaloliogopa. Sisemi kwamba mwanao ana minyoo kichwani, maana kifafa kina vyanzo vingi: kuumia kichwa, homa kali za utotoni, matatizo wakati wa kuzaliwa, na mara nyingi chanzo hakijulikani kabisa. Ninalosema ni kwamba swali lako bado halijaulizwa mahali panapofaa.

Tuanze na tegu mwenyewe. Tegu wa nguruwe ana maisha ya namna mbili ndani ya binadamu, na hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa, pamoja na baadhi yetu tuliovaa makoti meupe.

Namna ya kwanza ni hii. Mtu anakula nyama ya nguruwe isiyoiva vyema, yenye vile vifuko vidogo vyeupe vinavyofanana na punje za mchele. Kifuko kimoja kinafunguka tumboni, kinajishikiza kwenye ukuta wa utumbo, na kinakuwa mnyoo mrefu wa mita kadhaa, bapa kama utepe, uliogawanyika pingili pingili. Mwenye tegu huyu aghalabu haumwi. Huenda akasikia tumbo likinguruma, akaona pingili chooni, akapuuza. Lakini pingili moja iliyokomaa ina mayai yapatayo 50,000.

Namna ya pili inaanzia kwa hayo mayai. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha mtu huyo, mayai yanageuka vifuko ndani ya nyama yake, na mzunguko unaanza upya. Lakini mtu naye akiyameza mayai yale yale, kwa mkono usionawa, kwa sukumawiki iliyooshwa kwa maji ya mto, au kwa chakula alichopakuliwa na mwenye tegu, mwili wake unatendewa kama mwili wa nguruwe. Lava wanatoboa utumbo, wanaingia kwenye damu, wanasafirishwa hadi kwenye misuli, macho na ubongo. Huko wanajenga vifuko vya kiasi cha punje ya mahindi hivi, na wanaweza kukaa kimya kwa miaka. Mara nyingi kifafa huanza pale kifuko kinapozeeka na kufa, mwili unapokigundua na kukipiga vita, na ubongo ulio kando yake unavimba.

Umeona basi, mama? Nyama mbichi humpa mtu tegu wa tumboni. Kichwani hufika mayai, na mayai hayatoki kwenye nyama, hutoka kwenye choo cha mtu. Kwa hiyo Msabato, Mwislamu na mtu asiyekula nyama kabisa wanaweza kupata vifuko vya ubongo, maadamu karibu nao yupo mtu mwenye tegu. Mwaka 1992 madaktari wa Marekani walichapisha habari za Wayahudi wanne wa New York, watu wa dini wasioonja nguruwe maisha yao yote, ambao walianza kupatwa na kifafa wakakutwa na vifuko hivi kichwani. Uchunguzi ulielekea kwa wafanyakazi wa nyumbani waliotoka nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati, ambako tegu huyu ni wa kawaida. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Huku kwetu magharibi hali ni rahisi zaidi kwa mnyoo. Watafiti waliwahi kuwafunga nguruwe 10 wa upande wa Busia vifaa vya kufuatilia mienendo kwa setilaiti. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba nguruwe mmoja hutembea kama kilomita 4 na zaidi kwa saa 12, na karibu nusu ya muda wake huwa nje ya boma la mwenyewe. Kwa hiyo usiniambie hamfugi. Nguruwe wa jirani hana habari na ua lenu.

Sasa tufike maabara, maana barua yako kwa kweli ni barua ya maabara.

Nimeketi mbele ya hadubini miaka mingi, na ninajua namna karatasi ile inavyoandikwa. Sampuli ya choo inachukuliwa kiasi cha ncha ya kijiti, inachanganywa na tone la maji ya chumvi juu ya kioo, na mtaalamu anaitazama kwa dakika chache huku foleni ikimngoja dirishani. Asipoona kitu anaandika kwamba hakuna kilichoonekana. Maneno hayo ni ya kweli. Ila yana maana ndogo sana kuliko ile anayoisoma mgonjwa. Tegu hatoi mayai kila siku. Pingili hutoka nzima nzima, na siku mbili zinazofuata huenda pasiwe na yai hata moja. Ndiyo maana tunataka sampuli za siku tatu tofauti, na hata hizo tatu huwakosa wengi.

Yai likionekana nalo, bado kuna shida. Yai la tegu wa nguruwe na la tegu wa ng'ombe yanafanana kama mapacha, hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha kwa hadubini. Na tofauti ni kubwa mno, kwa kuwa yule wa ng'ombe haingii ubongoni mwa binadamu. Ili kuwatofautisha tunahitaji pingili. Tunaisukumia wino ndani, tunaibana kati ya vioo viwili, kisha tunahesabu matawi ya mfuko wa mayai kila upande: wa nguruwe ana 7 hadi 13, wa ng'ombe kwa kawaida ana zaidi. Kwa hiyo mtu akiona kitu kama kipande cha utepe chooni, asikitupe kwa kuchukizwa. Akitie ndani ya chupa yenye maji ya chumvi, aifunge, anawe mikono kwa sabuni, na akilete.

Lakini hata tungepata majibu sahihi kabisa ya choo, tungekuwa tumejua habari za utumbo tu. Wagonjwa wengi wenye vifuko kichwani hawana tegu tumboni siku wanapopimwa. Pengine hawakuwahi kuwa naye. Waliyameza mayai ya mtu mwingine, mayai yakapita, yakaenda zake.

Hili nililijua kitabuni, na bado nilimkosea mtu. Zamani, katika hospitali moja ambayo sitaitaja, niliwahi kupimiwa sampuli ya mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa akianguka darasani. Fomu iliandikwa kwa ufupi: choo, minyoo. Nikatazama, sikuona kitu, nikaandika "hakuna mayai," nikapiga muhuri. Daktari akasoma kuwa hakuna minyoo, akalikata jambo la minyoo, na mwalimu akahesabiwa kuwa mtu wa mawazo mengi. Kwa karibu miaka miwili alipewa dawa za usingizi. Aliungua mkono kwa chai ya moto katika moja ya maanguko yale, vidole viwili havikunyooka tena. Ndugu zake walipochanga pesa akapelekwa Nairobi kupigwa picha ya kichwa, vifuko vilionekana vinne. Sikuandika uongo. Lakini ningeweza kuongeza mstari mmoja chini, kwamba kipimo hiki hakiondoi uwezekano wa vifuko vya ubongo. Tangu siku hiyo niliuandika kila nilipoona neno kifafa kwenye fomu, ijapokuwa baadhi ya wakubwa walinung'unika kwamba mtu wa maabara anajitia udaktari.

Wachuuzi wa nguruwe wanaijua hali hii kwa njia yao. Kabla ya kununua, hufungua kinywa cha nguruwe kwa kijiti, wakavuta ulimi na kuupapasa. Wakisikia vivimbe wanapunguza bei au wanakataa. Ulimi ukiwa laini wananunua kwa furaha. Lakini ni wale wenye vifuko vingi tu wanaogunduliwa kwa ulimi. Wengi wenye vifuko vichache hupita, na nyama yao huingia buchani.

Je, damu nayo inasema nini? Hapa maabara imepiga hatua. Mwaka 1989 wataalamu wa Marekani walitoa kipimo kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewaunda dhidi ya vifuko vya tegu huyu. Protini za mnyoo hutandazwa juu ya karatasi maalumu, damu ya mgonjwa inapitishwa, na kingamwili zikiwamo hutokea michirizi. Mgonjwa mwenye vifuko viwili au zaidi vilivyo hai, kipimo hiki hukosea mara chache sana. Lakini mwenye kifuko kimoja tu hukoswa mara nyingi, na mwenye vifuko vilivyokwisha kukauka na kugeuka chokaa hukoswa zaidi. Tena askari hubaki kambini hata baada ya vita kwisha. Kingamwili zikionekana maana yake ni kwamba mwili ulikutana na mnyoo, pengine kwenye msuli wa mguu, pengine miaka iliyopita. Hazisemi kwamba kifafa cha leo kimetokana naye.

Kipo kipimo kingine cha damu, cha aina ya ELISA, kinachotafuta chembechembe za mnyoo mwenyewe, si za askari. Hicho kina faida kwa kuwa huonyesha kifuko kilicho hai, na huweza kutumika kujua kama dawa imefanya kazi. Taabu ni kwamba vipimo hivi viwili havipatikani zahanati. Ni vya maabara kubwa na za utafiti. Usimgombeze muuguzi wa kijijini kwa kutokuwa navyo.

Kinachoonyesha kichwa ni picha ya kichwa. Picha ya CT huonyesha vizuri vifuko vilivyokufa na kuwa chokaa, kwani hung'aa kama kokoto nyeupe. Picha ya MRI huonyesha vizuri vilivyo hai na vile vilivyojificha kwenye mifereji ya maji ya ubongo. Wakati mwingine ndani ya kifuko huonekana nukta moja, na hiyo ni kichwa cha mnyoo. Daktari akiiona nukta hiyo hahitaji kubishana na mtu. Isipoonekana, picha peke yake huweza kudanganya, kwa maana uvimbe wa kifua kikuu cha ubongo au hata wa saratani unaweza kufanana na kifuko kinachokufa. Ndipo picha na damu husomwa pamoja, na pamoja na habari za mgonjwa: anaishi wapi, nguruwe wanazurura au la, nyumbani kuna aliyewahi kuona pingili. Zamani picha ya CT ilikuwa jambo la Nairobi na watu wenye uwezo. Siku hizi mashine hizo ziko katika hospitali za rufaa za kaunti kadhaa, ingawa gharama bado inauma. Ni kweli inauma. Lakini mganga wa ng'ambo naye hatoi huduma bure.

Msomaji mwingine atauliza: mbona hawamchomi sindano ya mgongo wakapima maji ya uti wa mgongo, ambayo yanatoka ubongoni moja kwa moja? Ni swali zuri, na watu wanaiogopa sindano hiyo kuliko inavyostahili. Kwa vimelea fulani, hiyo ndiyo njia yenyewe. Chukua malale. Mapema katika karne iliyopita ugonjwa huo uliwaua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa upande wa Uganda. Mwaka 1902, huko Entebbe, daktari kijana wa Kiitaliano aitwaye Aldo Castellani alikuwa akitafuta bakteria ndani ya maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa hao, kwa kuwa aliamini bakteria ndio chanzo. Alipoyazungusha maji kwenye mashine na kutazama masimbi yaliyotuama chini, akaona kitu kinajinyonganyonga kama samaki mdogo. Ilikuwa tripanosoma, kimelea kinacholetwa na mbung'o. Kwa muda bado aliendelea kushikilia bakteria wake! David Bruce alipofika mwaka 1903 ndipo mambo yakawekwa sawa.

Kazi hiyo haijabadilika sana tangu wakati huo. Mgonjwa wa malale hupimwa damu, kisha maji ya uti wa mgongo, na chembe nyeupe zikizidi 5 katika milimita moja ya ujazo, au kimelea kikionekana, daktari anajua ubongo umeshaguswa. Sharti maji yatazamwe papo hapo, si baada ya chai ya saa nne, maana tripanosoma hufa upesi zikitolewa mwilini. Ninafurahi kuandika kwamba mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kuwa Kenya imeutokomeza ugonjwa huo kama tatizo la afya ya umma. Mgonjwa wa mwisho wa humu nchini kuripotiwa alikuwa wa mwaka 2009. Mbung'o lakini wapo bado, na hadubini zisiuzwe.

Kwa vifuko vya tegu, sindano ya mgongo haina mchango kama huo. Kifuko kilichomo ndani ya nyama ya ubongo huweza kuacha maji yakiwa meupe na ya kawaida kabisa. Isitoshe, iwapo kichwa kimejaa shinikizo kwa sababu ya uvimbe, kuyatoa maji chini ghafla kunaweza kuuvuta ubongo uteremke, na mgonjwa akafa kitandani. Ndiyo sababu daktari mwangalifu hutaka picha kwanza kwa mgonjwa mwenye dalili za shinikizo. Akikataa kumchoma mwanao, usidhani ni uvivu.

Hadi hapa nimezungumza juu ya karatasi inayosema hapana wakati jibu ni ndiyo. Kuna na kinyume chake, na kwa watoto wadogo hicho ndicho cha hatari zaidi.

Mtoto analetwa hospitali hana fahamu, anatetemeka, ana homa. Damu inapakwa kwenye kioo, inatiwa rangi ya Giemsa, na vimelea vya malaria vinaonekana. Kila mtu anapumua: ni malaria ya ubongo. Pengine ndiyo. Lakini katika sehemu zenye malaria nyingi, kama kandokando ya ziwa, watoto wengi hutembea na vimelea hivyo kwenye damu huku wakicheza mpira. Vimelea vipo, ila kinachomlaza mtoto leo huenda ni homa ya uti wa mgongo, sumu, au sukari iliyoshuka. Madaktari wa Blantyre, Malawi, waliwachunguza baada ya kifo watoto 31 waliokuwa wametimiza masharti yote ya kuitwa wagonjwa wa malaria ya ubongo. Taarifa yao ya mwaka 2004 ilisema kwamba 7 kati yao walikuwa wameuawa na jambo jingine. Dalili iliyowatenganisha vyema zaidi wakati wa uhai wao ilikuwa ndani ya jicho, nyuma kabisa, ambako daktari akitazama kwa kurunzi maalumu huona mishipa na weupe fulani wa malaria. Kile kipimo cha haraka cha tone la kidole nacho huweza kuendelea kusema ndiyo kwa majuma kadhaa baada ya mtoto kupona.

Hii haimaanishi dawa ya malaria icheleweshwe. Mtoto asiye na fahamu mwenye vimelea huchomwa artesuneti mara moja, bila mjadala. Maana yake ni kwamba sukari ipimwe vilevile, na homa ya uti wa mgongo ifikiriwe na kutibiwa, hata kama kioo kimeshasema malaria. Na kioo kikisema hapana mara moja, kirudiwe, maana vimelea vya malaria kali hujibanza ndani ya mishipa midogo ya ubongo na vichache tu ndivyo vinavyobaki kuzunguka kidoleni.

Toksoplasma, ambayo huwashika hasa wenye virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imeshuka sana, ina ulaghai wa namna hiyo hiyo. Watu wengi wazima wana kingamwili zake bila kuumwa, kwa hiyo damu inayosema ndiyo haithibitishi kitu. Mara nyingi daktari hutazama picha, huanza dawa, na akiona mgonjwa amepata nafuu katika majuma mawili, nafuu hiyo ndiyo inayokamilisha uchunguzi.

Turudi kwa mwanao, mama. Yako mambo ambayo usiyafanye hata ukishauriwa na nani. Usimnunulie dawa za minyoo dukani ukamnywesha kwa wingi ukidhani utaua kilicho kichwani. Dawa mbili zinazofika ubongoni, albendazoli na prazikwanteli, hutumika kweli kutibu vifuko, lakini vifuko vingi vikifa kwa pamoja ubongo huvimba, na kijana huweza kuanguka mfululizo asiamke. Daktari hutoa kwanza dawa ya kifafa, huongeza steroidi za kuzuia uvimbe, huagiza macho yatazamwe, kwani kifuko kikifia ndani ya jicho kinaweza kulipofusha. Vifuko vyote vikiwa vimegeuka chokaa, hakuna mnyoo wa kuua tena, na dawa za minyoo hazina kazi. Hutumika za kifafa peke yake. Ndiyo maana picha hutangulia dawa.

Hapa nitahadharishe jambo dogo. Watoto wetu hupewa dawa za minyoo na za kichocho shuleni, na mpango huo ni mzuri, nisieleweke vibaya. Ila mtoto anayeanguka bila sababu kujulikana, mzazi amwambie mwalimu na muuguzi kabla hajazimeza.

Wala usimwachishe dawa za kifafa kwa sababu hajaanguka kwa mwezi mmoja. Wala asitolewe shule. Kifafa hakiambukizi kwa mate wala kwa sahani. Anachohitaji ni kuwa mbali na moto, mto na mti mrefu hadi maanguko yatulie, na wenzake darasani wajue kumlaza ubavu bila kumtia kijiko kinywani.

Nenda naye hospitali ya rufaa ya kaunti. Chukua karatasi zote, hata zile tatu za choo, na uandike tarehe za kila anguko: alianza kutetemeka upande gani, fahamu zilimpotea kwa muda gani, aliamka akiumwa kichwa au la. Upande mmoja wa mwili ukianza kwanza, mwambie daktari, maana hiyo huashiria kwamba kuna mahali pamoja ubongoni penye tatizo. Kisha umwulize kwa maneno haya haya: "Daktari, je, vifuko vya tegu vimefikiriwa, na ni kipimo gani cha kuvitazama?" Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika maeneo mengi ambako watu wanaishi na nguruwe wanaozurura, tegu huyu ndiye chanzo cha kama asilimia 30 ya kifafa. Daktari hataliona swali lako kuwa la kipuuzi. Akiliona hivyo, tafuta mwingine.

Iwapo picha itaonyesha vifuko, basi vipimo vya choo ulivyovifanya vitakuwa na kazi hatimaye, ila si kwa kijana. Vitakuwa kwa wanaokaa naye: wewe, baba yake, dada yake, babu, kijana wa ng'ombe, na mpishi wa shule ikiwa ni shule ya bweni. Mmoja wao huenda amembeba tegu bila kujua, na bado anapakua ugali kila jioni. Huyo si mchawi wala asinyoshewe kidole. Kwake tiba ni rahisi, dozi moja ya niklosamidi, dawa isiyoondoka utumbo kuingia kwenye damu, basi hata kama naye ana kifuko kichwani hakitasumbuliwa.

Na jamaa za mume wakija tena na habari za ng'ambo ya mpaka, waombe wasubiri hadi picha itoke. Ukiipata niandikie, hata kama haina kitu.